Soga za Mjini: Uhakiki wa Mazungumzo ya Kazi, Malezi na Televisheni katika Singida

Kati ya mambo yote yanayofanywa kwa kinywa katika nchi yetu, hakuna linalodharauliwa kama mazungumzo ya kawaida. Ngano zimekusanywa na kuchapwa. Methali zimepangwa kwa alfabeti na kupewa maelezo. Nyimbo za jando, za harusi na za kilimo zimeandikiwa tasnifu. Soga ndiyo iliyobaki mlangoni. Watu wazima huiita porojo, na walimu huiita kelele. Mwanafunzi anayepiga soga darasani saa nne asubuhi huamriwa asimame. Saa sita, katika kipindi cha Kiswahili, mwanafunzi huyo huyo huandika daftarini kwamba soga ni sehemu ya fasihi simulizi, naye huikariri fasili hiyo ili aijibu katika mtihani. Haambiwi kwamba kile alichoadhibiwa kwacho saa nne na kile alichokikariri saa sita ni kitu kimoja.

Katika makala hii tunakusudia kuitazama soga kama tunavyoitazama kazi nyingine yoyote ya sanaa: imejengwaje, inasema nini, inamsema nani, na inamnyamazia nani. Tumechagua soga za aina tatu, yaani zile zihusuzo kazi, malezi na televisheni, kwa sababu hizo ndizo zinazotawala maongezi ya marafiki katika miji yetu. Nao mji tuliouchagua ni Singida, makao makuu ya mkoa ulioanzishwa mwaka 1963, ambao haumo katika orodha ya miji inayotajwa mara kwa mara na wataalamu wa fasihi ya Kiswahili. Mara nyingi wahakiki wetu wanapotafuta Kiswahili hukimbilia pwani, kana kwamba lugha hii huyeyuka ikifika bara.

Singida Mjini umekaa baina ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, katikati ya majabali makubwa na upepo usiokwisha. Barabara kuu itokayo Dodoma hupita hapo ikielekea Mwanza, na nyingine huchepuka kwenda Arusha kwa njia ya Katesh na Babati. Kwa hiyo ni mji wa njia panda. Wanyaturu ndio wenyeji, na pamoja nao wamo Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo, Wasukuma, Wabarabaig, na watu wa makabila mengine walioletwa na utumishi wa serikali au biashara ya alizeti, vitunguu, asali na kuku. Watu hawa hawakunyonya lugha moja. Wakikaa pamoja penye magunia ya vitunguu kule Misuna, au penye mashine ya kukamulia alizeti, au katika ofisi ya walimu wakati wa mapumziko, lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Lugha ya nyumbani hurejea pale tu ambapo siri au kicheko kinataka faragha. Ni dhahiri basi kwamba soga imefanya kazi ambayo mara nyingi tunaipa sifa shule peke yake: imewafundisha watu kuchekea jambo moja kwa lugha moja.

Kabla ya kuendelea hatuna budi kujibu hoja moja ya kinadharia. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, aliyapa mazungumzo nafasi ya utanzu unaojitegemea, lakini akaweka sharti: si kila mazungumzo ni fasihi, lazima pawepo usanii. Sharti hilo ni la haki, nasi tunalikubali. Ila waandishi wengi wa vitabu vya kiada waliomfuata wamelitumia kwa uvivu. Wameichukua soga, wakaipunguza hata ikawa kichekesho kifupi chenye mwanzo na mwisho, kinachoweza kunakiliwa kwa mistari minane. Hivyo wamekata tawi wakauacha mti. Kichekesho hakiji peke yake. Huzaliwa ndani ya maongezi marefu yenye maamkizi, pole, manung'uniko, ushauri na utani, na nje ya maongezi hayo hupoteza nusu ya maana yake. Sisi tunapoitaja soga tuna maana ya maongezi hayo yote.

Je, usanii uko wapi? Tuanze na fani. Ngano ina mianzo yake maalumu, ambayo humtoa msikilizaji katika ulimwengu wa kila siku na kumtia katika ulimwengu wa hadithi. Soga nayo ina mlango wake, nao ni maamkizi. Mtu hawezi kufika kijiweni na kuanza kueleza habari za bosi wake. Kwanza ataamkia walio wakubwa, ataulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na kwa kila swali atajibu kwamba ni njema, hata kama zote ni mbaya. Wageni wa utamaduni wetu huona jambo hili kuwa ni kupoteza muda au hata uongo. Kwa kweli ni kanuni ya sanaa. Neno "njema" hapa ni kama pazia: likishafungwa vizuri ndipo mtu anaporuhusiwa kulifunua kidogo kidogo. Baada ya "njema" huja "ila", na soga yote huishi ndani ya hilo "ila".

Kisha kuna hadhira. Katika soga hakuna msikilizaji mkimya. Msemaji mmoja hushika zamu, na wengine humtilia "enhe", "ehee", "acha wewe", "basi tena", kila neno likiwa na mahali pake. "Enhe" humsukuma msemaji aendelee. "Acha wewe" humwambia kwamba amefika kileleni. "Basi tena" hufunga habari na kuukubali uamuzi wake. Mwenye kutia maneno hayo mahali pasipo pake huua hadithi, kama mwitikiaji anayeharibu wimbo. Msemaji hodari, kwa upande wake, haelezi tu yaliyotendeka, huyaigiza. Humpa afisa sauti nzito, humpa mtoto sauti ya kudeka, hutembea kwa macho ingawa amekaa. Hizi ndizo mbinu tunazozisifu kwa mtambaji wa ngano. Hatuoni sababu ya kuzinyima sifa hizo kwa sababu tu msemaji anachambua vitunguu huku akisema.

Tuyatazame maudhui sasa, tukianza na kazi. Salamu ya Kiswahili itumikayo zaidi baina ya wafanyao kazi ni "pole na kazi". Tuizoee tusiizoee, salamu hii ina falsafa. Neno "pole" tunalitoa kwa mgonjwa, kwa mfiwa na kwa aliyejikwaa. Tunapompa mtu pole kwa sababu anafanya kazi, tunakiri kwamba kazi ni mzigo, na kwamba mzigo huo umeonekana na mwenzake. Hakuna lawama ndani yake wala uvivu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliihesabu kazi kuwa wajibu na heshima ya kila mtu mzima mwenye uwezo; salamu ya mitaani haikulipinga Azimio, bali iliongeza jambo ambalo hotuba za kazi mara nyingi husahau, kwamba mwenye kutimiza wajibu huchoka.

Tutoe mfano wa kutunga, unaofanana na mengi yanayosikika katika mji huu:

"Pole na kazi, Mama Neema."

"Asante, nawe pole. Ndiyo hii, inatumaliza."

"Inakumaliza wapi, nawe wazidi kunawiri?"

"Nanawiri kwa mawazo, mwenzangu. Gunia limeshuka bei, na karo haijui kushuka."

Mistari minne tu, na ndani yake mna utani, mna kejeli, mna tashihisi ya karo isiyojua kushuka, na mna uchumi wa mkulima na mchuuzi ulioelezwa kwa ufupi ambao mwandishi wa ripoti angeuhusudu. Tuangalie pia kwamba msemaji hakulia. Mwenzake alimfungulia mlango wa kicheko, naye akapita humo na huzuni yake. Hii ndiyo kazi kubwa ya soga ya kazi: humwezesha mtu kutaja shida bila kuomba, na humwezesha rafiki kusikia bila kulazimika kutoa kitu asichokuwa nacho.

Hata hivyo soga hii ina kasoro. Mara nyingi huishia katika "ndiyo hivyo" na "tutafanyaje". Kicheko kilichopunguza maumivu hupunguza pia hasira iliyokuwa na manufaa. Wachuuzi wanaweza kucheka mwaka mzima juu ya gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita kipimo na kufungwa kwa kamba juu ya mdomo wake, huku kila msimu wakiendelea kuuza kwa lumbesa. Soga imewapa maneno ya kulitaja tatizo. Haikuwapa mkutano wa kulitatua. Mhakiki asiyeisema kasoro hii huigeuza sanaa ya umma kuwa pambo.

Maudhui ya pili ni malezi. Hapa soga huwa kali zaidi, kwa sababu kila mzazi huamini kwamba mtoto wa mwenzake amedekezwa. Katika Kiswahili cha Tanzania mzazi hupoteza jina lake na kuvaa la mtoto: Mama Neema, Baba Neema. Jina hilo ni heshima na tena ni dhamana, maana mtoto akitenda ovu hulitenda kwa jina la mzazi. Ndiyo sababu soga ya malezi hujaa methali. Msemaji anayesema "samaki mkunje angali mbichi" hamshutumu jirani. Anaiachia methali ishutumu. Jirani naye, kama ni mjuzi wa maneno, hujibu kwa methali nyingine, kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, maana yake fimbo ikizidi nayo huzaa. Mabishano makubwa ya elimu, yale ya adhabu na upole, uhuru na utii, hupita katikati ya kikao bila mtu kutajwa jina. Mwalimu wa sekondari anayetafuta mfano wa matumizi ya methali katika muktadha halisi hana haja ya kwenda mbali.

Lakini tusikilize pia sauti isiyosikika. Soga ya malezi ni ya akina mama kwa kiasi kikubwa. Katika vijiwe vya wanaume, penye bodaboda au penye kahawa, mazungumzo ya kazi na ya mpira ni mengi. Ya malezi huja kwa sura ya karo tu, yaani mtoto huingia katika soga ya baba kama gharama. Toka timu ya Singida United ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2017, na baada yake timu nyingine zilizobeba jina la Singida, vijana wa mji huu wameweza kusimulia mabao ya misimu kadhaa bila kukosea dakika. Hatulaumu hilo, masimulizi ya mpira ni sanaa pia. Tunalosema ni kwamba baba anayekumbuka dakika ya bao na asikumbuke darasa la mwanawe ameonyesha, bila kujua, mipaka ya soga aliyolelewa nayo.

Tufike sasa kwenye televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake mapema katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuvifungulia mlango vituo vya watu binafsi. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000. Kwa muda mrefu, basi, chombo kilichozaa soga bara kilikuwa redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi kilichoitwa Mazungumzo Baada ya Habari, na jina hilo lafaa kuwa jina la makala hii, kwa maana mazungumzo ya kweli baada ya habari yalifanywa na wasikilizaji wenyewe. Serikali ililitambua jambo hilo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi nchini kote, wakasikiliza redio, kisha wakazungumza na kuamua la kufanya. Waandaaji walijua kwamba matangazo yasiyozungumzwa huingia sikio moja na kutokea la pili.

Ushahidi wa pili ni mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993. Ndani yake mlikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi njiani, na mkewe Tunu, aliyejifunza kujitegemea. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa kutoka kituo cha Dodoma, ili watafiti wapate kulinganisha. Walipolinganisha waliona kwamba mchezo ulibadili mawazo na matendo ya wasikilizaji juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI, na kwamba njia mojawapo kubwa ya mabadiliko hayo ilikuwa mazungumzo ya wasikilizaji na wenzi na rafiki zao. Kumbe porojo za baada ya mchezo zilikuwa sehemu ya mchezo.

Televisheni ilipoingia haikukuta watu mikono mitupu. Iliwakuta na ujuzi wa kusimulia, nao wakautumia. Mpaka leo, si kila nyumba ina televisheni, na iliyo nayo haina hakika ya umeme wala ya malipo ya king'amuzi. Kwa hiyo sehemu ya tamthilia iliyoonyeshwa usiku husimuliwa asubuhi kwa waliokosa. Msimulizi huyu ni mtambaji kamili. Haielezi tamthilia kama ilivyo. Hukata asilolipenda, hurefusha ugomvi, huhukumu. Tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilipoonyeshwa kwa Kiswahili na televisheni ya Taifa mwaka 2011, ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake mjini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Viongozi walisema juu ya urafiki wa mataifa. Lakini kilichoifanya tamthilia hiyo izungumzike kwetu ni kitu cha nyumbani zaidi: mke na mama mkwe. Jambo hilo halikuhitaji tafsiri. Kila aliyesimulia habari za Doudou alipata nafasi ya kusema habari za ukwe wake mwenyewe kwa kinga ya jina la Kichina. Katika jamii yenye heshima kubwa ya ukwe, kinga hiyo ni kitu cha thamani.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wanaodai kwamba televisheni imeua mazungumzo. Imeyapa mali ghafi. Tamthilia ya kigeni ikipita katika vinywa vitano vya Singida si ya kigeni tena. Imeshapewa methali, imeshahukumiwa kwa mizani ya hapa. Hatari iko kwingine: mali ghafi hiyo inapopokewa pamoja na dharau zake, na soga ikazirudia bila kuzipima. Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii.

Katika soga za kazi, malezi na televisheni kuna mtu mmoja anayezikutanisha zote tatu, naye ni msichana wa kazi za ndani. Yeye hufanya kazi kuliko wengi wa wanaopeana pole. Yeye hulea, maana mtoto hushinda mgongoni mwake. Yeye huitazama televisheni akiwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi. Hata hivyo katika soga hasemi, husemwa. Ameitwa yaya, ameitwa hausigeli, na sasa huitwa dada. Jina la udugu limepatikana, udugu wenyewe bado. Kwa istilahi ya uhakiki, yeye ni mhusika bapa: ama ni mjinga, ama ni mwizi, ama ni mvunja ndoa. Mara chache sana soga humpa mawazo, na mara chache zaidi humpa mama aliyemzaa.

Tuchukue kisa kimoja kinachosimuliwa kwa namna nyingi. Msichana ameletwa mjini kutoka kijijini. Jioni ya kwanza televisheni inawashwa. Msomaji wa habari anatokea na kuwasalimu watazamaji. Msichana anapiga magoti na kuitikia, kisha anamwamkia msomaji shikamoo. Familia inaanguka kwa kicheko. Kisa hicho hufurahisha, hatukatai. Kimejengwa juu ya kinyume cha matarajio, na msimulizi hodari huyaigiza yale magoti kwa ustadi. Lakini tukihakiki. Ni nani ndani ya chumba kile aliyelelewa vema? Mtu ameingia na kusalimu, na kati ya wote waliokuwapo, ni mmoja tu aliyeitikia. Hajui chombo, ndiyo. Lakini anayajua malezi. Kisa kinamcheka kwa lile lile tunalolalamika katika soga zetu za malezi kwamba watoto wetu wamelipoteza. Kwa hiyo soga hii inajipinga yenyewe: mchana inalilia heshima, na usiku inaicheka.

Tena kisa hicho kikisimuliwa Singida kina uchungu wa pekee. Mkoa huu, pamoja na Dodoma na Iringa, umejulikana kwa muda mrefu kuwa mahali panapotoka wasichana wengi waendao kufanya kazi katika nyumba za Dar es Salaam. Anayekicheka Singida Mjini anamcheka binti wa kijiji kilicho karibu. Na wakati huo huo, katika nyumba fulani ya Dar es Salaam, watu wanamcheka msichana wa Singida, ambaye huenda ni mpwa wake. Kicheko kimesafiri kwa basi lile lile lililombeba msichana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka kumi na minne, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka kumi na minane na kukataza asinyonywe kwa kazi. Chama cha wafanyakazi CHODAWU kinawahesabu watumishi wa majumbani miongoni mwa wanachama wake. Sheria ipo na chama kipo. Kinachokosekana ni masikio, na masikio hufundishwa na maneno yanayosemwa kila siku. Mtu ambaye kila siku husikika kama kichekesho hawezi kusikika kwa urahisi siku anapoleta mashtaka.

Wako watakaosema kwamba tunaitwisha soga mzigo usio wake, kwamba watu wakicheka waachwe wacheke. Tunajibu kwamba utamaduni wetu wenyewe umekwisha kuweka sheria za kicheko. Utani wa makabila yetu una masharti: mtani humtania mtani, na anayetaniwa ana haki ya kurudisha, tena kwa nguvu zaidi. Msibani mtani huvumiliwa kwa maneno ambayo mwingine angepigwa kwayo, kwa kuwa kesho msiba utakuwa kwake na zamu itageuka. Zamu ndiyo haki ya utani. Kisa cha msichana wa kazi hakina zamu. Anayechekwa hawezi kumcheka bibi wa nyumba usoni pake na kubaki na kazi. Kwa mizani ya jadi, basi, na wala si kwa mizani iliyoazimwa ugenini, kicheko hicho kimevunja masharti ya utani.

Simu za mkononi zimelizidisha jambo hili. Soga ambayo zamani iliishia pale watu walipokung'uta mkeka sasa huandikwa au hurekodiwa kwa sauti, na hupelekwa kwa watu wasiomwona msemaji usoni. Maneno yaliyokuwa na jicho la kulainisha yamebaki bila jicho. Katika kikao, mwenye busara aliweza kusema "tuyaache hayo" na yakaachwa. Katika simu hayaachwi, hukaa.

Kutokana na hayo tunawapendekezea walimu mambo matatu. Kwanza, soga isifundishwe kwa fasili peke yake. Wanafunzi wasikilize maongezi ya nyumbani na sokoni, kwa ruhusa ya wenyewe na bila kuandika majina yao, kisha waonyeshe mlango wa maamkizi uko wapi, kilele kiko wapi, na ni maneno gani ya hadhira yaliyokisukuma kisa. Pili, kwa kila soga waulize maswali ya mhakiki: anayechekwa ana zamu? Mhusika huyu amepewa mawazo, au amepewa makosa tu? Tatu, wakisimulie upya kile kisa cha salamu na televisheni, safari hii msimulizi akiwa ni msichana mwenyewe, anayewaandikia wazazi wake barua juu ya nyumba ya ajabu ambamo mgeni husalimu kila usiku na hakuna amwitikiaye. Zoezi hilo litawafundisha nafsi ya msimulizi na mtazamo kwa saa moja, kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge na kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere aliufananisha utamaduni na roho ya taifa. Toka wakati huo tumezoea kuitafuta roho hiyo katika ngoma, vinyago na majumba ya makumbusho. Humo imo. Lakini imo pia pale penye magunia ya vitunguu Misuna, katika "pole na kazi", katika methali inayorushwa juu ya kichwa cha jirani, na katika habari za Doudou zinazosimuliwa na mtu ambaye umeme ulikatika kabla hajaona mwisho, akautunga mwisho wake mwenyewe. Sanaa hiyo ni yetu, na ni hai. Kwa kuwa ni hai, inaweza kurekebishwa. Mahali pa kuanzia si mbali: msichana aliyesimama mlangoni na ufagio aambiwe pole na kazi, apewe nafasi mkekani, kisha aulizwe yeye aliionaje tamthilia ya jana.